Kufuata Pointa kwa Usalama Katika Skripti za Kuchunguza Kerneli

Pointa ni thamani inayohifadhi anwani ya mahali fulani katika kumbukumbu ya kompyuta, na kuifuata ni kwenda kwenye anwani hiyo kusoma kilichopo. Katika programu ya kawaida, anwani mbovu huiangusha programu hiyo peke yake. Ndani ya kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, kosa hilohilo linaweza kuisimamisha mashine nzima. Msimamizi wa seva za sacco mjini Kisumu, anayetaka tu kujua kwa nini mfumo unazorota wakati wanachama wako kwenye foleni, hawezi kuikubali hatari hiyo.

Kwa sababu hiyo, katika eBPF, teknolojia ya Linux inayoruhusu skripti ndogo za uchunguzi kuendeshwa ndani ya kerneli, pointa ambayo mfumo hauijui aina yake haifuatwi moja kwa moja, bali husomwa kupitia kitendakazi maalumu kinachojaribu kunakili baiti zilizoko. Anwani ikiwa haisomeki, kerneli huikatiza kazi hiyo kwa utaratibu, hurudisha msimbo wa kosa -14, na kuijaza sifuri nafasi iliyotengwa kupokea data. Tangu Linux 5.5 ya mwaka 2020, vitendakazi hivyo ni viwili: bpf_probe_read_kernel kwa kumbukumbu ya kerneli, na bpf_probe_read_user kwa kumbukumbu ya programu za watumiaji. Utengano huo ulihitajika, kwani zipo aina za prosesa ambazo namba moja ya anwani huweza kumaanisha mahali pawili tofauti.

Usalama huu, hata hivyo, unailinda mashine; hauthibitishi kwamba jibu ni la kweli. Sifuri iliyotokana na usomaji ulioshindikana inafanana kabisa na sifuri halali, na kwa maoni yangu skripti isiyokagua msimbo wa kosa ni mbaya kuliko kukosa skripti, maana humpa msimamizi takwimu anazoziamini bila sababu.

Mfano unaosumbua wengi ni jina la faili linalopitishwa kwa openat, mwito ambao programu huutumia kuiomba kerneli ifungue faili. Pointa yake ni sahihi, lakini ukurasa (kipande cha kumbukumbu) wenye jina hilo huenda bado haujaletwa kwenye kumbukumbu wakati mwito unapoanza. Kerneli yenyewe inaweza kusubiri ukurasa uletwe kutoka diskini. Skripti ya uchunguzi kwa kawaida hairuhusiwi kusubiri, hivyo hupata jina tupu. Dawa iliyozoeleka ni kuihifadhi anwani mwito unapoingia, kisha kulisoma jina unapotoka, kwa kuwa kufikia hapo kerneli imekwisha kuugusa ukurasa huo. Inabaki kasoro moja ndogo: uzi mwingine (mkondo mwingine wa utekelezaji) wa programu hiyohiyo unaweza kuwa umeyabadilisha maandishi katikati ya hatua hizo mbili, kwa hiyo skripti inayotumiwa kwa ukaguzi wa usalama haipaswi kutegemea njia hii peke yake.