Taka za mkahawa: tunayoyaamini na yaliyomo guniani

Lundo la Kiteezi, lililopokea taka za Kampala tangu 1996, liliporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30. Sisi wenye mikahawa tulikuwa tukilipa gunia lichukuliwe, basi. Kilichomo hatukuuliza.

Dhana: Ukaguzi wa taka ni wa viwanda na wataalamu.
Unahitaji turubai, glavu, mabeseni, mizani ya kuning'iniza na daftari. Taka za siku zimwage, zichambue, zipime: maganda, mabaki ya sahani, vilivyoozea stoo, plastiki, majivu. Fanya hivyo wiki nzima, maana Jumatatu na Ijumaa hazifanani. Wapishi waambie mapema kwamba hatafutwi mwizi. La sivyo posho (ugali) iliyobaki itatokea mlango wa nyuma kabla haijafika kwenye mizani.

Dhana: Kilicho kizito ndicho chenye hasara.
Hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Maganda ya matoke yatashinda mizani kila siku, lakini nani angeyala? Wali uliorudi na sahani ni mwepesi, ila umebeba mchele, mafuta, makaa na jasho la mpishi. Kwa hiyo daftari liwe na safu mbili: kilo na shilingi. Tuseme kilo tatu za wali hurudi kila siku, na kila kilo imekugharimu shilingi 3,000. Kwa siku 26 za kazi umetupa shilingi 234,000. Ada ya gunia utaiona ndogo. Dawa yake ni kijiko kidogo cha kupakulia, na anayetaka zaidi aongezewe.

Dhana: Kuuza chupa kwa waokotaji kunatosha.
Ni vizuri, lakini chupa ambayo hukuinunua haihitaji kuuzwa. Weka maji ya kuchemsha kwenye jagi.

Dhana: Maganda huoza tu, hayana madhara.
Yakifukiwa lundoni bila hewa hutoa methani, gesi inayowaka na kuongeza joto la dunia. Yakitengwa ni mali: mfugaji huyafuata kwa ajili ya ng'ombe au mbuzi wake, wengine huyakausha watengeneze briketi, vipande vya makaa ya kupikia. Sharti ni moja, kaveera, yaani mfuko wa plastiki, isiingie. Mnyama akishaimeza mara moja, mfugaji huyo humuoni tena.