Kimea kwenye mfuko: joto liwekwe kabla, si baada

Mgema wa mnazi hapa Malindi hahitaji kipimajoto. Utamu unadondoka wenyewe kutoka kwenye karara, na tembo linaanza kuchacha kibuyu kikiwa bado juu mtini. Shayiri ya kutengenezea bia nyumbani haina hisani hiyo. Kimea chake kimejaa wanga, na hamira haili wanga. Lazima ugeuzwe sukari kwanza, na kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya (enzaimu) viwili vilivyomo ndani ya kimea, visivyopenda joto moja.

Cha kwanza, beta-amilesi, hustarehe kati ya digrii 60 na 65 za Selsiasi. Hukata mnyororo wa wanga kutoka nchani, kipande kidogo kidogo, na sukari inayotoka huliwa na hamira karibu yote. Cha pili, alfa-amilesi, hupamba moto karibu na 70 na hukata popote panapokijia, kikiacha vipande ambavyo hamira haiviwezi. Hivyo ndivyo vinavyobaki kwenye bia kama uzito mdomoni. Ukiloweka kwa 64 au 65 utapata bia kavu, nyepesi, yenye kilevi zaidi kidogo. Kwa 68 au 69 itakuwa nzito na yenye utamu. Kwa jua letu mimi huchagua 65. Stauti, bia nyeusi nzito, ndiyo naipandisha hadi 68.

Kwa kuwa kimea hulowekwa ndani ya mfuko wa kitambaa, na mfuko na maji yote vimo ndani ya sufuria moja juu ya jiko la gesi, mkono unawasha kuongeza moto kila kipimajoto kikishuka nusu digrii. Uache! Moto huchemsha chini huku juu pakionyesha 64. Kule chini beta-amilesi inakufa, na ikishakufa hairudi hata ukipoza. Joto lipatikane kwenye maji kabla kimea hakijaingia. Chukua kilo 3 za kimea na lita 18 za maji. Kimea kilichokaa stoo ya hapa kina digrii 30 hivi, kwa hiyo kufika 65 maji yawe 67 na nusu tu. Maelekezo ya Ulaya hukisia kimea cha baridi, na ukiyafuata kama yalivyo utapitiliza. Mwaga taratibu, koroga mpaka madonge yaishe, pima katikati na pembeni, zima jiko, funika, zungushia blanketi. Saa nzima. Upepo wa kusi ukivuma uani, ingiza sufuria ndani.

Mfuko mwenyewe si shida: fundi cherehani yeyote atakushonea wa kitambaa cha pazia jepesi.

Saa ikiisha, weka tone la maji ya kimea kwenye kisahani cheupe, udondoshee iodini. Likigeuka buluu-nyeusi, wanga bado upo, ongeza robo saa. Tone hilo limwage, lisirudi sufuriani.

Kisha inua mfuko na uukamue, umevaa glavu nene. Wanaodai kukamua kunaleta ukakasi wanausingizia mkono. Ukakasi wa maganda ya kimea hutoka pale joto linapopita 77 hivi na maji yakiwa na chokaa nyingi, na visima vyetu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe. Ndiyo maana mimi natumia maji ya mvua.