Rudolph Cartier na tamthilia za mwanzo za BBC: yanayosemwa na yaliyokuwa

Ukitaja tamthilia za televisheni za miaka ya 1950, wengi hudhani ni mchezo wa jukwaani uliowekewa kamera mbele. Kwa BBC ya kabla ya 1952, dhana hiyo haiko mbali na ukweli. Mwaka huo ndipo alipoingia Rudolph Cartier, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa akiandika filamu Berlin hadi Wanazi waliposhika madaraka, naye kwa kuwa Myahudi akaondoka. Alimwambia waziwazi mkuu wa tamthilia, Michael Barry, kwamba kazi zao ni mbovu. Akaajiriwa! Alichomeka vipande vya filamu katikati ya maigizo ya moja kwa moja: mtazamaji anatolewa nje ya studio, huku mwigizaji akipata nafasi ya kukimbilia seti nyingine na kubadili nguo.

Dhana inayoshika watu zaidi ni ya marudio, kwamba tamthilia ikionyeshwa mara ya pili, lazima ulikuwa mkanda uleule. Nineteen Eighty-Four ya Cartier, iliyotokana na riwaya ya George Orwell kuhusu utawala wa kidikteta, ilirushwa moja kwa moja Jumapili, 12 Desemba 1954, Peter Cushing akiwa mhusika mkuu, Winston Smith. Watazamaji walilalamikia mateso waliyoonyeshwa, hoja zikafika hadi bungeni. Alhamisi, tarehe 16, waigizaji walirudi studio wakaigiza upya mwanzo hadi mwisho, na orkesta ikapiga muziki papo hapo. Ni onyesho hili la pili lililorekodiwa. Kwa hiyo anayejisifu leo kuwa ameona lile lililozua zogo la Jumapili, kama hakuwa mbele ya televisheni usiku ule, hakuliona.

Husemwa pia kwamba BBC ilifuta sehemu nne kati ya sita za The Quatermass Experiment, tamthilia ya hadithi za sayansi ya Cartier ya 1953. Ni kweli kwamba shirika hilo lilifuta kazi nyingi, lakini hizi nne hazikurekodiwa kabisa. Mbili za kwanza zilinaswa kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye skrini, picha zikatoka hafifu, na katika sehemu ya pili mdudu alitua juu ya skrini akabaki hapo, akiigiza bila malipo. Baada ya hapo wakaacha kurekodi.

Na zimwi lililoonekana mwishoni mwa tamthilia hiyo, ndani ya kanisa la Westminster Abbey, London? Halikuhitaji mitambo. Ilikuwa mikono ya mwandishi mwenyewe, Nigel Kneale, ndani ya glovu zilizopachikwa majani na ngozi, ikipenyezwa kwenye picha ya kanisa. Tukiwa kwa Kneale: yeye aliandika, Cartier alitayarisha na kuongoza, kwani BBC ya wakati ule ilimbebesha mtu mmoja kazi zote mbili.

Wanaomwita Cartier mtu wa hadithi za sayansi tu wanaacha nusu kubwa ya kazi yake. Aliongoza opera, akaongoza Mother Courage, tamthilia ya Bertolt Brecht, mwaka 1959, na mwaka 1961 Anna Karenina, akiwapa nafasi kuu Claire Bloom na Sean Connery, ambaye hakuwa bado James Bond.