Je, wajua kwa nini kanga ya kampeni ni rushwa lakini televisheni ya ilani si rushwa?

Mgombea ubunge wa jimbo lolote la Dar es Salaam akikutwa anagawa kanga na mchele siku chache kabla ya kupiga kura, wapinzani wake wanaweza kumfikisha mahakamani. Chama chake kikiandika katika ilani kwamba kikishika serikali kitampa kila mwenye kaya mchele huohuo bure, hakuna sheria iliyovunjwa. Mpokeaji ni yuleyule, mchele ni uleule, na shabaha katika hali zote mbili ni kura. Mahakama huona tofauti gani?

Nyumbani tunaifahamu vizuri nusu ya kwanza ya swali hili. Mwaka 2000 Bunge liliingiza katika Sheria ya Uchaguzi vifungu vilivyosema kwamba kitu kinachotolewa kwa nia njema, kama ukarimu wa kawaida au wa kimila, kisihesabiwe kuwa rushwa. Neno lililotumika lilikuwa takrima, neno zuri la kumkirimu mgeni, ingawa katika kampeni mwenyeji ndiye aliyekuwa akikirimiwa na mgeni. Mwaka 2005 Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, pamoja na asasi za wanasheria LEAT (ya mazingira) na NOLA (ya msaada wa kisheria), walifungua kesi Mahakama Kuu hapa Dar es Salaam, na Aprili 2006 majaji Kimaro, Massati na Mihayo walivibatilisha vifungu hivyo kwa kuwa vilikwenda kinyume cha Katiba, hasa ibara ya 13 kuhusu usawa mbele ya sheria na ibara ya 21 kuhusu haki ya kushiriki katika uongozi wa nchi. Mgombea mwenye fedha aliweza kukirimu mtaa mzima, na mgombea fukara hakuwa na cha kukirimu.

Nusu ya pili ya swali ilijibiwa mbali na hapa, nchini India. Katika uchaguzi wa jimbo la Tamil Nadu mwaka 2006, chama cha DMK kiliahidi televisheni ya rangi kwa kila kaya isiyokuwa nayo, kikashinda, na serikali yake ikaanza kuzigawa. Mwanasheria Subramaniam Balaji alikwenda mahakamani akidai kwamba fedha za umma zinatumika kununua kura. Kesi ikiwa bado haijaisha, ulifika uchaguzi wa 2011, na mpinzani wa DMK, chama cha AIADMK, akapanda dau: feni, mashine za kusagia viungo, kompyuta mpakato kwa wanafunzi, na gramu 4 za dhahabu kwa ajili ya mkufu wa bibi harusi. Kikashinda.

Tarehe 5 Julai 2013 majaji P. Sathasivam na Ranjan Gogoi wa Mahakama ya Juu ya India walitoa hukumu. Walieleza kwamba kifungu cha 123 cha sheria ya uchaguzi ya mwaka 1951, kinachotaja vitendo vya rushwa, kinamlenga mgombea na wakala wake, na kwamba chama kinachotangaza sera si mgombea anayempa mpiga kura kitu. Waliongeza kwamba Katiba ya India inaiagiza serikali kupunguza tofauti za kipato, na kwamba matumizi yakishaidhinishwa na bunge la jimbo, kazi ya kuyakagua ni ya mkaguzi wa hesabu. Hapo ndipo ilipo tofauti yenyewe: kanga hutoka mfukoni mwa mtu na huwafikia aliowachagua yeye, ilhali televisheni ya ilani hulipiwa na Hazina, kwa sheria, na huwafikia hata waliopigia kura upande mwingine.

Hata hivyo majaji hawakujifanya hawaoni. Walikiri kwamba ahadi za vitu vya bure huwayumbisha wapiga kura na kutikisa mizizi ya uchaguzi huru, wakaiagiza Tume ya Uchaguzi itunge mwongozo. Tangu 2014 vyama vya India vinatakiwa kueleza fedha za ahadi zitatoka wapi, sharti ambalo kwa maoni yangu lina busara kuliko marufuku. Agosti 2022 Jaji Mkuu N. V. Ramana na wenzake wawili walipeleka suala hilo mbele ya jopo jingine la majaji watatu, ili hata hukumu ya 2013 iangaliwe upya.

Je, Mtanzania angeweza kuishitaki ilani? Ugumu ni kutenganisha zawadi na huduma. Elimu bila malipo iliyoanza kutekelezwa mwaka 2016 ilikuwa ahadi ya kampeni, lakini ibara ya 11 ya Katiba inaitaka serikali ijitahidi kutoa nafasi za elimu kwa wote. Ubwabwa aliouahidi Hashim Rungwe, mgombea urais wa chama cha CHAUMMA, mwaka 2020 uliwachekesha wengi, lakini kumlisha mwenye njaa nako si kosa. Tena ahadi kubwa kwa kawaida hutolewa na mgombea urais, na ibara ya 41(7) ya Katiba yetu inasema kwamba Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza kuwa amechaguliwa kuwa Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake.