Bodi Haijafa, Acheni Kuizika

Imekuja tena wiki hii. Darubini ya shule ya kutazama nyota, ile inayojizungusha kwa mota, msaada kutoka Marekani, toleo la miaka ya mwanzo ya 2000, na ujumbe ule ule: "Fundi, bodi (ile sahani ya saketi ya ndani) imekufa. Betri ni nzima, nimeipima mwenyewe, ina volti 12.6. Bodi mpya naipata wapi?" Nimechoka kulijibu hili kwa sauti za WhatsApp. Naliandika hapa mara moja, na kuanzia leo atakayeniambia bodi imekufa atatumiwa kiungo.

Kinachonikera ni hiyo 12.6. Betri ya asidi iliyotoka kwenye chaji ikapumzika mezani, haijafungwa kitu, inaweza kukuonyesha 12.6 hata kama sahani zake zimekwisha. Mita haivuti mkondo wa maana. Betri haijaombwa kazi yoyote, kwa nini isijitape? Kila mwenye pikipiki anaijua hali hii: honi inalia, taa zinawaka, ukibonyeza stata unasikia "tik" na taa zinafifia. Hakuna bodaboda anayeng'oa injini kwa sababu hiyo. Anakagua betri, anakaza tamino, anaendelea na safari. Mtu huyo huyo akikabidhiwa darubini, akili yote inahamia kwenye bodi.

Darubini ikiwa inafuata nyota tu hula sehemu ndogo ya ampea. Ukiiambia iende kwenye Zohali, mota mbili zinaamka pamoja na mkondo unaruka hadi ampea 1 au 2, na gia zenye grisi iliyokauka huongeza njaa hiyo. Kama njia ya umeme ni dhaifu, volti zinaporomoka muda ule ule, kompyuta ya ndani inapoteza fahamu, mota zinanyamaza, volti zinapanda tena, kompyuta inaamka na kukukaribisha kana kwamba hamjawahi kuonana. Wewe unaona "inajizima yenyewe". Wakati mwingine haizimi: inachanganyikiwa, inazunguka upande mmoja bila kusimama, au rimoti, kile kidude cha vibonyezo cha mkononi, inaandika herufi zisizosomeka.

Na ujumbe wa makosa usikutishe. Kwenye NexStar, darubini za kampuni ya Celestron, "No Response 16" maana yake rimoti haipati jibu kutoka kwa kidhibiti cha mota ya mlalo, na 17 ni ile ya wima. Kwenye ETX ya kampuni ya Meade yenye Autostar (ndiyo rimoti yake) utaona "Motor Unit Fault", na watu wakisoma hapo wanaanza kutafuta mota. Ujumbe huu unakutajia aliyenyamaza. Aliyemnyamazisha haumjui. Mara nyingi ni betri zilizochoka au waya wa rimoti uliolegea.

Kwa hiyo pima darubini ikiwa kazini. Nenda duka la vifaa vya kamera za ulinzi, Kariakoo (Dar es Salaam) au Luthuli (Nairobi), nunua kile kigawanyio cha umeme cha kamera: jike moja upande huu, madume mawili upande ule. Umeme uingie kwenye jike, dume moja lichomeke kwenye darubini, lile lingine libaki wazi ulipime: ncha moja ya mita ndani ya tundu, nyingine kwenye mwili wa nje, na usiziache zigusane. Sasa iamuru darubini izunguke kwa kasi ya juu, pande zote mbili kwa pamoja, huku macho yako yako kwenye mita. Namba ya chini kabisa uliyoiona ndiyo namba yako. Nyingine zote ni salamu tu.

Utaniuliza mpaka uko wapi. Maandishi mengi hutoa namba moja kwa ujasiri mkubwa. Mimi hufanya kazi na 11.5: ikishuka chini ya hapo sijadili kitu kingine mpaka umeme urekebishwe. Lakini nimeshika darubini iliyotembea bila malalamiko kwa 10.5, na nyingine ya aina ile ile iliyopagawa kwa 11.8. Sina maelezo yanayozitosha zote mbili. Pengine volti hushuka kwa kitambo kifupi kuliko mita ya kawaida inavyoweza kuona, na hapo hata kipimo changu hiki kinakuwa na tundu.

Sasa linganisha. Pima kwenye vichwa vya betri wakati darubini inazunguka, kisha pima kwenye plagi. Ikiwa betri yenyewe imeshuka, betri imekwisha, na hakuna haja ya kuibembeleza. Ikiwa betri inasema 12.4 na plagi inasema 10.7, kuna volti 1.7 zilizopotea njiani, na njia hiyo ni waya na viungio.

Hapa naomba uvumilivu, kwa sababu hapa ndipo ninapopoteza marafiki. Waya wa shaba wa unene wa milimita mraba 0.2, ule wa adapta za bei rahisi, una ukinzani wa karibu omu 0.086 kwa mita. Ukiurefusha hadi mita 5 ili betri ikae pembeni, umeme unasafiri mita 10, kwenda na kurudi. Hiyo ni omu 0.86. Kwa ampea 2 umepoteza volti 1.7, na hakuna kilichoharibika popote. Ni hesabu tu. Weka waya wa 0.75 upotevu unashuka hadi karibu nusu volti. Weka wa 1.5, ule ule unaotumika kwenye taa za nyumba, unapoteza robo tu. Halafu kuna nyaya za alumini zilizopakwa shaba, zinauzwa kama shaba na bei yake inakuvutia. Kwangua kwa kisu: ndani ni nyeupe. Hizo upotevu wake ni mkubwa zaidi kwa unene ule ule. Sumaku haitakusaidia kuzitambua, haishiki shaba wala alumini, kwa hiyo wale wanaopima waya kwa sumaku dukani waacheni wafurahi.

Baya kuliko waya ni plagi. Ile plagi ya duara ina ndugu wawili wanaofanana: 5.5 kwa 2.1 na 5.5 kwa 2.5, kwa milimita, upana wa nje kwa upana wa tundu la ndani. Kwa nje ni sawa kabisa. Soketi nyingi za darubini hizi zina kipini cha 2.1. Plagi ya 2.1 haiingii kwenye kipini cha 2.5, na hilo ni jambo jema kwa sababu unagundua mara moja. Lakini plagi ya 2.5 inaingia kwenye kipini cha 2.1 kwa ulaini wa ajabu, inakaa, inawasha taa, rimoti inasoma vizuri, kisha darubini ikigeuka na kuuvuta waya kidogo tu, mguso unakatika. Mwenyewe anaapa kwamba "inazima ikielekea kusini". Haizimi kwa sababu ya kusini! Inazima kwa sababu waya umejinyonga kwenye mguu wa stendi. Tikisa plagi kwa kidole ukitazama mita. Namba zikicheza, umempata.

Kwenye NexStar kipini cha ndani ya soketi kimepasuliwa katikati, na wengi hukipanua taratibu kwa ncha ya kisu, umeme ukiwa umechomolewa. Nami hufanya hivyo. Inasaidia. Inasaidia kwa muda gani, inategemea darubini inachomekwa na kuchomolewa mara ngapi, na kila ukipanua chuma kinazidi kuchoka. Kubadilisha soketi ni bora, ila uwe na mkono mtulivu wa kulehemu. Wa pwani ongeza chumvi ya hewa: plagi iliyokaa kabatini mwaka mzima Tanga au Lamu hupata ukungu wa kijani, na ukungu huo ni ukinzani. Ifute kwa spiriti na kitambaa kikavu kabla hujanitafuta.

Ile plagi ya kiberiti cha gari siisemei. Ni springi na matumaini. Ikate, weka vibanio vya betri na fyuzi karibu na betri.

Betri ndogo za AA. Darubini nyingi za aina hii zina chumba cha betri nane, na dukani mtu ananunua za bei ya chini. Soma pembeni: zikiandikwa R6 ni za kaboni na zinki, nzuri kwa redio na saa ya ukutani, hazina uwezo wa kutoa ampea moja na kubaki na heshima. LR6 ni alkalini, hizo zinafaa, ila zitakuumiza mfuko maana haziishi muda mrefu. Za kuchaji za 1.2, nane zinakupa 9.6. Baadhi ya darubini zinakubali, kwa sababu za kuchaji hazishuki sana zikifanya kazi; nyingine zinagoma. Jaribu, usiniulize.

Sasa adapta, na hapa kuna imani mbili zilizo kinyume, zote zinanipandisha presha. Ya kwanza: "Usitumie adapta ya ampea 5, itaunguza, darubini inataka 1.5." Ndugu yangu, ampea zilizoandikwa kwenye adapta ni uwezo wake wa juu. Darubini huchota inachohitaji. Volti ndizo zinazosukumwa, na ndizo za kuogopa zikizidi. Adapta nzuri ya kamera za ulinzi, volti 12 ampea 5, ni rafiki wa darubini. Ile ya ruta ya volti 12 ampea 1 ndiyo itakayokuletea kesi ya "bodi imekufa".

Imani ya pili: "Imeandikwa 12, basi ni 12." Zile adapta za zamani nzito zenye transfoma ndani, zisizo na kidhibiti cha volti, zikiwa hazina mzigo hutoa 16 au 17. Ipime kabla ya kuichomeka. Paneli ya jua inayouzwa kama ya "volti 12" ikiwa juani bila mzigo hutoa 21 au 22. Nimewahi kuombwa ushauri na mtu aliyetaka kuichomeka moja kwa moja ili aangalie madoa ya Jua. Hapana! Ipite kwenye kidhibiti chaji na betri. Zile pakiti za lithiamu za seli tatu zilizoandikwa 12 huanza 12.6 na kuteremka hadi 9, kwa hiyo nusu ya usiku wako uko chini ya mpaka wangu. Na pawabenki yenye waya wa kubadili volti: nyingi zinajua 5, 9, 15 na 20, lakini 12 hazina, hivyo waya unaangukia 9 kimya kimya na wewe unalaumu darubini.

Darubini za msaada zina mtego wao. Geuza adapta usome "INPUT". Ikiwa ni 100–240, endelea. Ikiwa ni 120 peke yake, usiichomeke ukutani Tanzania wala Kenya. Itavuta moshi, na kwa bahati mbaya wakati mwingine haifi peke yake. Tupa, nunua ya kamera.

Kwa wenye haraka ya kulaumu bodi: darubini kukuuliza tarehe na saa kila unapoiwasha si ugonjwa. NexStar SE na ETX za Autostar ya kawaida zimezaliwa hivyo, hazitunzi saa zikizimwa.

Bodi kufa kweli kupo, sikatai. Njia ya kawaida ni kugeuza chanya na hasi. Usidhani kila darubini ya zamani ina chanya katikati. Mchoro mdogo karibu na soketi ndio wenye neno la mwisho, na kama umefutika tafuta kitabu cha darubini hiyo hiyo. Ukigeuza, ukiwa na bahati fyuzi au dayodi ya ulinzi itajitoa mhanga. Usipokuwa nayo, kuna harufu, na harufu hiyo haihitaji mita.

Njia nyingine ni umri, na hapa LX200 ya kwanza ya Meade, ile iliyotoka 1992, inajulikana dunia nzima kwa kapasita za tantali, vijidude vya kwenye bodi vinavyotunza chaji ya umeme. Kapasita za tantali zikichoka hupiga shoti, na unapowasha moja inaweza kupasuka kwa kishindo na moshi. Watu hulia kwamba darubini imelipuka. Kumbe kilichopasuka ni kitu kidogo kama punje ya dengu, na mara nyingi vilivyobaki kwenye bodi ni vizima. LX200 hiyo ina ammita, kipimo cha mkondo, kwenye paneli. Ukiwasha na mstari wa taa ukaruka juu huku hakuna kinachozunguka, zima haraka, una shoti.

Je, ubadilishe iliyopasuka tu au zote? Kila fundi atakuapia jibu lake. Kubadilisha zote kunaondoa wasiwasi, lakini kila kapasita unayoing'oa kwenye bodi ya miaka thelathini ni nafasi ya kung'oa na njia ya shaba iliyo chini yake, na hiyo hairekebishiki kirahisi. Mimi hubadilisha zilizo kwenye njia ya umeme unaoingia na kuziacha zilizo mbali, na kila mara nafunga kifuniko nikiwa na shaka kidogo. Weka zenye uwezo wa volti 35 au zaidi, maana zile zinazofanya kazi karibu na kikomo chake ndizo hufa mapema. Na angalia mstari: kwenye tantali bapa mstari unaonyesha chanya, kinyume cha kapasita za kopo ambazo mstari wake ni hasi. Ukiifunga kwa mazoea ya zile za kopo, italipuka ya pili siku hiyo hiyo, kwa hiyo mara ya kwanza unapowasha kaa mbali na uvae miwani.