Magugu kwenye matuta ya maua: palilia juujuu, funika udongo

Tuta la maua linalochimbwa mara kwa mara ndilo linalojaa magugu upesi. Udongo wa bustani huhifadhi mbegu nyingi za magugu zilizolala, baadhi kwa miaka mingi. Nyingi ni ndogo na huamshwa na mwanga. Ukizamisha jembe sentimita 20, unaondoa magugu unayoyaona na papo hapo unapandisha juu mbegu ambazo zingeendelea kulala. Baada ya wiki mbili tuta limekuwa kijani tena, na mwenye bustani hudhani palizi haikutosha. Tatizo ni kina cha jembe.

Kwa magugu yanayoota kwa mbegu, kama kishonanguo na mchicha pori, pitisha kijembe chenye makali kwa ulalo, sentimita 2 hadi 3 tu chini ya udongo, ukikata shina shingoni. Fanya hivyo magugu yakiwa na majani mawili hadi manne, asubuhi ya siku kavu yenye jua, yanyauke kabla ya jioni. Ukipalilia udongo ukiwa umelowa, mengi hushika mizizi upya pale pale ulipoyaangusha, hasa yale yenye mashina manene ya majimaji. Yaliyokwisha kuchanua yatoe kabisa kwenye tuta, kwani baadhi huendelea kukomaza mbegu hata baada ya kung'olewa.

Ndago ni habari nyingine, na ndiyo inayokatisha watu tamaa. Utaitambua kwa shina lenye pembe tatu. Chini ya ardhi ina viazi vidogo vyeusi vilivyounganishwa kwa nyuzi nyembamba. Ukivuta majani, shina hukatika na kiazi hubaki. Na nyuzi zikikatwa, viazi vilivyokuwa vimelala huanza kuchipua kila kimoja peke yake. Ndiyo maana kuikatakata kwa jembe huizidisha. Hapa ndipo kuchimba kunaruhusiwa: lowesha udongo, ingiza jembe uma sentimita 20 hadi 30, inua bonge zima, livunje kwa mkono na uokote kila kiazi. Utakavyovikosa vitachipua, kwa hiyo rudi kila baada ya wiki mbili au tatu na kuondoa machipukizi kabla hayajafikisha majani matano au sita. Yakipita hapo, mmea huanza kutengeneza viazi vipya. Kila chipukizi unaloliwahi limetumia akiba ya kiazi chake bila kuirudisha. Usitegemee kumaliza ndago kwa msimu mmoja, na usiifunike kwa nailoni nyepesi: ncha zake huitoboa.

Ukoka kwa kawaida huingia kutoka kwenye nyasi za jirani. Kipande chenye kifundo kimoja tu kinaweza kuota. Chimba mfereji mwembamba wa sentimita 15 kati ya nyasi na tuta, au zamisha ukingo wa matofali kwa kina hicho, na ukate kila utambazi unaovuka. Ukishajisuka ndani ya mizizi ya maua, ng'oa ua lenyewe, osha mizizi, chambua ukoka, kisha upande upya.

Baada ya kusafisha tuta, funika udongo. Matandazo ya majani makavu, vipande vya magome au mboji yenye chembe kubwa yawe na unene wa sentimita 5 hadi 8. Yakipungua hapo, mwanga hupenya. Yakizidi 10, maji na hewa hufika kwa shida. Acha nafasi ya sentimita 5 kuzunguka shina la kila ua, la sivyo unyevu utaozesha shina. Nyasi zilizokatwa zikiwa na mbegu zisitumike kabisa. Vumbi la mbao bichi lisichanganywe na udongo, kwa sababu vijidudu vinavyoliozesha huchukua naitrojeni ambayo maua yanaihitaji. Matandazo yakioza, ongeza mengine.

Samadi ambayo haijaiva ni chanzo kinachosahaulika. Mbegu nyingi hupita salama tumboni mwa ng'ombe. Lundo lipate joto la nyuzi 55 au zaidi, na ligeuzwe mara kadhaa ili sehemu za nje nazo ziingie katikati.

Kama tuta ni jipya, usipande siku hiyo hiyo. Sawazisha udongo, mwagilia, subiri siku 10 hadi 14 magugu yaote, yakate juujuu, ndipo upande. Zingatia nafasi inayofaa aina ya ua, ili majani yakutane na kuweka kivuli. Mwagilia shinani badala ya kunyunyiza tuta zima.

Dawa za kuua magugu tunaziweka mwisho kwa sababu mpaka kati ya gugu na ua ni mwembamba. Dawa ya 2,4-D inayotumika kwenye nyasi huua mimea ya majani mapana, na maua mengi ni ya kundi hilo. Glaifoseti, dawa nyingine ya magugu, haichagui kati ya gugu na ua. Ikilazimu kuitumia, vaa glavu, fuata kipimo cha kwenye kibandiko, chagua siku isiyo na upepo na upake gugu lenyewe kwa sponji badala ya kupulizia. Siki huunguza majani na kuacha mizizi hai. Chumvi usiitumie: hubaki kwenye udongo na kudhuru maua utakayopanda baadaye.