Chokea: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtu akiamka na kipele chekundu ukingoni mwa kope, hata hajaulizwa kama kinauma, ataulizwa alikuwa anamchungulia nani bafuni. Wengi husema hivyo kwa utani tu. Tatizo ni watoto, maana mtoto anayetaniwa hivyo shuleni huficha jicho hadi limevimba, na nyumbani hasemi kitu.

Chokea hakina habari na ulichokitazama. Kando ya mashina ya nywele za kope kuna vitezi vidogo vya mafuta na vya jasho. Kimoja kikiziba, bakteria hunaswa ndani na usaha unatunga. Mara nyingi ni stafilokokasi, ambao watu wengi wanao kwenye ngozi na puani siku zote bila kudhurika. Ndani zaidi ya kope zimo tezi ndefu zilizopewa jina la Heinrich Meibom, daktari Mjerumani aliyezieleza mwaka 1666. Kope la juu lina kati ya 25 na 40 hivi, na kazi yake ni kutoa mafuta yanayozuia machozi yasikauke upesi. Chokea kikianzia huko ndani huuma zaidi, na pengine kwa nje huoni kichwa chochote, kope zima tu limekuwa zito.

Wapo pia wasiotaka hata kumtazama mwenye chokea wakihofia watakipata. Macho hayaambukizani kwa kutazamana. Taulo, foronya, wanja na mikono ndivyo visivyofaa kushirikiana.

"Kikiiva, kamua." Huu ndio ushauri unaonitia hofu kuliko yote, kwa sababu unaonekana una akili: usaha ni uchafu, kwa nini usitoke? Ukikamua, sehemu ya usaha hutoka nje na sehemu nyingine husukumwa ndani ya nyama ya kope. Damu ya eneo la macho na pua hupita kwenye mishipa iliyoungana na ile ya ndani ya fuvu, kwa hiyo maambukizi yakisambaa hapo hayana mbali pa kwenda. Ni nadra kufika huko, lakini kope zima kuvimba baada ya kukamuliwa si nadra. Kuchoma kwa sindano ya kushonea ni vivyo hivyo, hata ukiipitisha kwenye moto wa kibiriti. Chokea kikiachwa, kwa kawaida hupasuka chenyewe na kupona ndani ya wiki moja au mbili.

Kinachosaidia kweli nyumbani ni joto. Nawa mikono kwa sabuni. Chukua kitambaa safi cha pamba, kichovye kwenye maji safi ya moto, kikamue, kisha kijaribu upande wa ndani wa kifundo cha mkono: kiwe na joto unaloweza kulivumilia bila kushtuka. Funga jicho, kiweke juu yake dakika tano hadi kumi, mara tatu au nne kwa siku. Wengi hukosea hapa. Kitambaa hupoa ndani ya dakika moja au mbili, na mtu hukaa nacho kimepoa akiamini anajitibu. Kichovye tena na tena. Ukimaliza, lisugue kope taratibu kwa kidole safi kuelekea kwenye nywele zake. Kuinamia sufuria ya mvuke hakuhitajiki, na kwa mtoto ni hatari ya kuungua. Maumivu yakizidi, parasetamoli inatosha.

Halafu kuna mate ya asubuhi, maziwa ya mama, mkojo, maji ya majani ya chai, tui la nazi. Macho mekundu yalipoenea Dar es Salaam na Mombasa mwanzoni mwa 2024, dawa za namna hii zilirudi mitaani kwa kasi. Hakuna hata moja inayofika kwenye tezi iliyoziba, lakini zote zinaweza kupeleka vijidudu kwenye kioo cha jicho, na kidonda cha hapo kikipona huacha kovu linalofifisha macho. Chokea kisingekufanya kipofu. Tiba yake ya mtaani inaweza. Mtoto mchanga anayetoa usaha machoni ni dharura. Hilo si suala la kukamulia maziwa, ni la kwenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Dukani nako kuna dhana yake: dawa ya jicho ni dawa ya jicho. Sivyo. Baadhi ya matone yana steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe na wekundu, kama deksamethasoni au betamethasoni. Wekundu huisha haraka na mgonjwa hushukuru, kumbe dawa imetuliza dalili huku ikipunguza nguvu ya mwili kupambana na maambukizi. Zikitumika muda mrefu hupandisha presha ya jicho. Usikubali tyubu iliyobaki ya jirani. Kwa chokea cha kawaida, hata antibayotiki huwa haihitajiki.

Tena si kila uvimbe wa kope ni chokea. Kinundu kigumu kisichouma, kilichokaa wiki kadhaa, huenda ni kalazioni: tezi imeziba bila maambukizi. Joto lilelile husaidia, na kikigoma daktari hukitoa kwa upasuaji mdogo. Kope zinazowasha na kujaa magamba kama mba ni blefaritisi, ambayo hutulizwa kwa kusafisha ukingo wa kope kila siku na hurudi ukiacha. Nywele za kope zikigeukia ndani na kukwaruza jicho, hiyo inaweza kuwa mojawapo ya hatua za mwisho za vikope, yaani trakoma, ugonjwa ambao watu wa Kongwa, Dodoma, wanaujua vizuri. Kuzing'oa nyumbani hakumalizi, maana huota tena.

Kuhusu urembo nitasema machache. Chokea kikiwepo, weka kando wanja na kope za kubandika, na wanja uliotumia wakati jicho linauma utupe. Wanja wa manga hausafishi macho kama inavyodaiwa. Baadhi yake una madini ya risasi, sumu kwa mtoto anayepakwa.

Nenda hospitali bila kusubiri ukiona wekundu unasambaa hadi shavuni, homa, jicho limesukumwa mbele, maumivu unapoligeuza, au unaona vitu viwili viwili au ukungu. Mtoto ndiye wa kukimbizwa zaidi. Anayepata chokea mara kwa mara apime sukari. Na mtu mzima mwenye uvimbe unaorudi palepale, nywele za kope zikidondoka hapo, aombe kipande kichukuliwe kikapimwe, kwa sababu saratani ya tezi za kope huanza ikifanana hivyo.